Mwenye Bentley wa Makangale: Kumbukumbu ya Baba Yetu, Jaribu Nyange

Baba, mwaka umezunguka tangu ututoke alfajiri ile ya Alhamisi, mwezi wa Shaaban, muadhini wa msikiti wetu wa Makangale hajamaliza hata kuadhini. Mama bado huamka saa ile ile akatenga maji ya udhu ya watu wawili, kisha ndipo hukumbuka.

Tunakukumbuka kwa upole wako. Hukupata kumpita mtu njiani bila ya kumsalimia kwa jina lake na la babake. Tunakukumbuka ukila muhogo wa kuchoma kwa pilipili mpaka machozi yakutoke, na ukikataa kusema kuwa ni pilipili. Mjane akileta cherehani yake ilonasa, ulikuwa ukimtengenezea huku ukimuuliza hali za watoto, na akiondoka ukajidai hukumsikia akiuliza akupe nini.

Mikono yako ilikuwa ya kazi. Ulitengeneza matrekta na malori ya serikali toka ujanani hata ulipostaafu, kisha ukatengeneza baiskeli, mapampu ya maji na kila kilicholetwa barazani. Mazungumzo yakiwa yamekolea, gari ikipita mbali kule njia ya Konde, ulikuwa ukinyanyua kidole tunyamaze, ukaisikiliza hadi ipotee. "Ile ina kikohozi," ukisema, kisha ukaendelea na maneno yako.

Lakini watu wengi wa Pemba, Baba, walikujua kwa gari yako. Na kwa kuwa wako wanaoijua gari bila ya kujua kilichotokea Kiuyu, mwaka huu tumeona tukisimulie hapa, mbele yako, kama Mama anavyokisimulia.

Gari yenyewe ni Bentley ya zamani, ya Kiingereza, buluu iliyokoza hata ikakaribia weusi, na kichwani pa rejeta ina herufi ya B yenye mabawa. Ililetwa kisiwani kabla ya Mapinduzi na bwana mmoja mwenye mashamba ya mikarafuu. Baada ya Mapinduzi bwana yule akavuka bahari, gari ikabaki. Ikawachukua wakubwa kwa muda, na ilipokosa vipuri ikatupwa uani nyuma ya ghala moja Wete, kuku wakatagia viti vya nyuma. Hapo ndipo ulipoiona, ukaitamani. Siku ya mnada hakuna mwengine aliyenyanyua mkono.

Uliileta Makangale ikivutwa na ng'ombe. Watu walitoka majumbani kucheka, na wewe uliyekaa nyuma ya usukani ulicheka nao. Kisha ukaingia chini yake, ukakaa huko misimu na misimu. Ulipoiwasha mara ya kwanza, majirani waliokusanyika walidhani bado haijawaka. Ukaweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, kimejaa mpaka ukingoni, ukawaambia watazame. Kahawa haikutikisika. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika kwetu ilimlazimu akione kikombe kile.

"Injini hii," ulikuwa ukisema, "imetengenezwa na watu wasiokuwa na haraka." Ulipenda kutuonesha pistoni zake sita zilivyojipanga, chuma chake kizito, na namna ilivyoweza kupanda kilima kwa gia ya kwanza bila ya kukanyagwa mafuta, taratibu, kama mzee aendaye msikitini, wala isizimike. Uliikosha kwa maji ya mvua peke yake. Ngozi ya viti uliipaka mafuta ya nazi kidogo, kisha ukaikausha kwa kanga kuukuu ya Mama, naye akanung'unika.

Kunung'unika kwake hakukuwa kwa sababu ya kanga.

Mama yetu, Bi Mwanawema, ni binti wa Mzee Mjaka, na Mzee Mjaka alikuwa kibarua katika mashamba ya bwana yule. Masika moja gari ilinasa topeni, vibarua wakaitwa waisukume. Bwana hakushuka. Alipandisha kioo tu, tope lisimrukie. Gari ikateleza, ikarudi nyuma, ikamlalia Mzee Mjaka nyonga. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuinama tena bila ya kushikilia kitu. Mjomba Hamad, kaka yake Mama, alikuwa mtoto siku ile. Alikuwa kasimama kando ya njia, kashika chakula cha babake.

Kwa hiyo habari zilipomfikia Kiuyu kuwa shemegi yake kainunua gari ile ile, Mjomba alikuja Makangale. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya boneti.

"Shemegi, gari hino waijua ilimfanya nini baba yangu?"

"Nimeambiwa," ukajibu. "Lakini nimeambiwa nishaileta."

"Sasa umeshajua. Itoe."

Mama alikuwa mlangoni, kashika kizingiti. Alikuona ukipangusa mikono kwa tambara, ukikawia kujibu, akaomba moyoni useme ndiyo, na papo hapo akaomba usiseme, kwa maana alikujua ungevunjika.

"Chuma hakina niya, shemegi," ulisema. "Mwenye niya alikuwa ndani, na keshaondoka."

"Na weye ndo umekaa pahala pake."

Neno lile lilikuingia, Baba. Mama anasema uso wako ulibadilika rangi. Mjomba akamgeukia dada yake: "Mwanawema, siku gari hino itakapokuwa haipo, niite. Kabla ya hapo sina dada Makangale."

Mama hakukwambia uitoe. Alikwambia jambo moja tu, usiku wala mchana hakulirudia: "Mume wangu ni weye na kaka yangu ni yule. Siwezi kumtupa mmoja. Lakini viti vile mgongo wangu hautavigusa."

Akatimiza. Kukiwa na harusi Wete, wewe ulikwenda na Bentley na sisi watoto nyuma, naye akapanda basi la Konde pamoja na kuku na magunia ya watu. Alimuona kaka yake mazikoni tu, na huko walisalimiana kwa kichwa. Ndivyo tulivyokuwa, nasi tukazoea, maana nyumba huzoea hata ufa ulio ukutani.

Kisha ikaja asubuhi ile.

Mama alikuwa uani akimenya muhogo. Wewe ulikuwa umefungua boneti, kwa sababu rejeta ilikuwa ikivuja tena. Uliiziba kwa risasi ya kuyeyusha mara nyingi hata ukasema imebaki viraka vitupu. Akatokea Khatib, mwenziwe Mjomba katika uchimbaji wa visima, juu ya baiskeli, shati limemganda. Alikuwa kapiga pedali toka Kiuyu, akapita Konde, akapita msitu wa Ngezi. Hakusalimu.

"Bi Mwanawema, Hamad yumo kisimani. Jiwe limemwangukia mguu."

Mama akainuka, kisu bado mkononi. "Yuhai?"

"Yuhai. Lakini kisima kile ki karibu na pwani, na leo ni bamvua. Maji yakijaa baharini, na kisimani hupanda. Nilipomwacha yalikuwa mapajani."

Nchi ya Kiuyu ni mawe matupu, Baba, wewe unaijua. Hapo mtu huchimba kwa mtaimbo, shubiri kwa shubiri, kutafuta maji ya kunywa. Ubavu wa kisima ulimeguka kipande kikubwa kama mlango, kikamkandamiza Mjomba mguu chini kabisa. Watu wote wa kijiji walivuta kwa mikono, jiwe halikusogea. Trekta la Konde lilikuwa bovu. Mwenye duka mmoja alileta pikapu yake, ikafungwa kamba, ikaruka mbele kwa kishindo; jiwe likanyanyuka kidogo kisha likaponyoka, likamrudia palepale. Khatib alisema sauti aliyoitoa Hamad hataki kuikumbuka.

Mama akakutazama. Ndiyo mara yake ya kwanza, anasema, kukuogopa: kwamba ungekataa, na kwamba ungekuwa na haki. Akafungua kinywa akuombe.

Wewe ulikwisha shusha boneti. "Panda," ukamwambia.

Akapanda mbele, kisu cha muhogo kingali mkononi, mpaka Khatib aliyekaa nyuma alipomtoa taratibu. Mgongo wake ukaguswa na ngozi ile. Hakufikiri kiapo wala nini. Alichokifikiri, katika msitu wa Ngezi wenye miti inayofunika njia, ni kwamba gari ilikuwa kimya mno, kwamba laiti ingepiga kelele angalau, ili asisikie moyo wake. Baada ya Konde uliuliza: "Kamba wanayo gani?"

"Ya manila, nene," akajibu Khatib. "Na mnyororo wa kufungia jiwe."

Mlipofika, Sheha Duni, mkubwa wa kijiji, aliwapisha watu kwa fimbo. Mama hakungoja kufunguliwa mlango. Alilala kifudifudi ukingoni mwa kisima, akachungulia. Kule chini aliona kichwa cha kaka yake na mabega, na maji yakimfika kifuani, na uso uliogeuka rangi ya jivu.

"Kaka."

"Mwanawema?" Sauti ilipanda nyembamba. "Nani kakuleta?"

Kila mtu pale alizijua habari zenu.

"Jaribu," alisema Mama. "Kaja na gari akutoe."

Maji yalisikika yakinyonya katika matundu ya mawe. Kisha Mjomba akasema, wala si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Irudisheni."

"Kaka, unasemaje?"

"Irudisheni. Ilimvunja baba. Haitanitoa mie."

Mama anasema kitu kilimpanda hapo ambacho hakujua anacho. "Baba kafa, Hamad! Kafa kitandani mwake, tumemzika. Mie niko hai, na leo sikai matanga yako kwa sababu ya gari. Maji yamekufika wapi?"

"Kwapani."

"Basi nyamaza."

Nawe ulikuwa umesimama nyuma yake, Baba. Uliyasikia yote. Ulikwenda zako kuifunga kamba chini ya gari kwa mikono yako, hukumwachia mtu. Ukataka gogo liwekwe ukingoni, likapakwa grisi ili kamba isikatwe na mawe. Khatib akateremka, akapitisha mnyororo chini ya jiwe, akabaki humo ndani ya maji ili amvute mwenzake utakapofunguka upenyo. Na hapo wakawa ni wawili walio chini.

Kisha ukamwendea Mama. Usukanini ungekipa mgongo kisima. Kilichokuwa kikionekana katika kioo ni mkono wake tu. "Ukiufungua, navuta," ulimwambia. "Ukiukunja, nasimama. Usiwasikilize watu. Nisikilize mie na msikilize kaka yako." Ukamwambia Sheha Duni anyamazishe kila mtu, hata wenye kusoma dua wasome moyoni.

Mama akainua mkono, akaufungua.

Bentley ilikwenda kama kinavyokwenda kivuli. Kamba ikanyooka, ikakaza, ikaanza kutoa maji. Magurudumu hayakuruka. Injini haikupanda sauti. Uliiacha ijiendee yenyewe, bila ya mafuta, upana wa kidole, upana wa kidole, na kwa kuwa haikuwa na kelele Mama alizisikia pumzi za kaka yake chini, akamsikia Khatib akisema, "Limetikisika." Jiwe lingevutwa na lori, Mama asingesikia hayo.

"Limepanda upande," alisema Khatib. "Ngoja! Ngoja!"

Mama akakunja mkono. Ukasimama. Jiwe likining'inia nusu, likigeuka taratibu, na mguu bado umebanwa kwa kisigino. Khatib alizama akalisukuma kwa bega, akaibuka akitema maji ya chumvi. Maji yalikuwa yamefika shingoni kwa Mjomba. Akawa anainua kidevu.

"Haya," alisema Khatib.

Mkono ukafunguka. Gari ikavuta tena. Hapo ndipo watu walipoona mvuke ukitoka katika boneti, kwanza uzi tu, kisha wingu. Kiraka cha rejeta kilikuwa kimeachia. Mtu mmoja akakimbia na ndoo ya maji, nawe ukatoa mkono dirishani ukamzuia. Maji baridi juu ya chuma kile yangekipasua papo hapo. Sheha Duni alikuja dirishani akakunong'oneza uzime, ipoe, muanze tena. Ukamuuliza swali moja, "Maji yamefika wapi?" Akatazama kisimani, akarudi, akajigusa kidevuni.

Hukuzima.

Basi ikaanza kugonga. Mama aliijua sauti ile ya kugonga ingawa hakupata kuisikia katika gari yako, kwa kuwa miaka mingi ulikuwa ukitueleza wakati wa chakula: injini ikikosa maji hulegea, chuma hulamba chuma, na ikigonga hivi, mwenye kuipenda huizima hapo hapo, kwa sababu kila pigo moja ni umri wake unaokatwa. Ko. Ko. Ko. Aliyainua macho, akayakuta yako katika kile kioo kidogo. Ulikuwa ukimtazama yeye, si mkono wake.

Anasema ulikuwa unamuuliza. Hakuna aliyejua pale ila nyinyi wawili. Angekunja mkono, ungesimama, na hakuna mtu duniani ambaye angekulaumu. Alijua ulivyolala chini ya gari ile, ulivyoipangusa, ulivyokubali kumpoteza ndugu kwa ajili yake. Akakishika kiwiko cha mkono ulioinuliwa kwa mkono wa pili, akauacha wazi.

Ukayarudisha macho yako mbele, ukakanyaga mafuta kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

Jiwe likapanda. Khatib akazama, na maji yakafunika kichwa cha Mjomba. Mama aliona nywele zake zikielea kama mwani, akasikia kelele, ikawa ni yake mwenyewe. Halafu vichwa viwili vikaibuka pamoja. "Katoka! Katoka mguu!" Wanaume wakateremsha kamba ya pili, wakamvuta Mjomba kwa kwapa, na muda wote huo wewe uliuweka mguu wako pale pale, injini ikigonga, mvuke ukikuficha usoni, kwa sababu ungeachia jiwe lingemwangukia Khatib aliyebaki. Khatib naye akatolewa. Ndipo Mama alipokunja mkono.

Wakaikata kamba kwa shoka, jiwe likaenda chini, nchi ikatetema. Ukazima gari. Kimya kilichofuata, Mama anasema, kilikuwa tofauti na kimya chake cha siku zote. Ulikaa ndani, mikono juu ya usukani, watu wakishangilia, wengine wakilia.

Mjomba alilazwa juu ya mlango uliong'olewa nyumba ya jirani ili apakiwe katika pikapu apelekwe hospitali Wete. Alipopitishwa karibu na Bentley aliwaambia waliombeba wasimame. Akautazama mvuke.

"Imekufa?"

"Imechoka," ukamwambia. "Nenda weye ukatazamwe mguu."

Mama alipanda pikapu pamoja na kaka yake, nawe ukabaki na gari. Hatujui ulilia au hukulia. Khatib ndiye aliyekuwa nawe, na kila tukimuuliza hutwambia kuwa ulimwomba maji ya kunywa.

Gari haikuweza kutoka Kiuyu. Mjomba aliporudi kutoka hospitali, na magongo mawili kwapani, aliikuta uani kwake, ilikosukumwa na watu, imefunikwa kwa turubali. Tulidhani ataitoa. Aliwaita watu wakaijengea banda la makuti. Nawe ikakulazimu, Baba, uwe unakwenda Kiuyu kwa basi, kila ulipopata nafasi, ukaifungue injini uani kwa mtu aliyekwambia hana dada.

Mlianza kwa kutosemezana. Alikuwa akikaa barazani na mguu wake kaunyoosha, wewe ukifungua nati. Baada ya kitambo akawa anakushikia taa ya mkono. Baadaye akawa anakugombeza kwa kupoteza spana. Mama akija alikuwa akiwakuta mkila sahani moja, mnabishana juu ya samaki. Hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi mbele ya watu. Labda mlifanya hivyo peke yenu, hatuna habari.

Silinda hedi, kifuniko cha injini, ilikuwa imepinda, uliisugua kwa mkono hata ikanyooka. Gasketi uliikata mwenyewe. Lakini bloku, kile chuma kikubwa cha injini, ulipoipangusa masizi ulimwita Mama aje aone. Haikuwa na ufa. "Nilikwambieni," ulisema, ukaendelea kuipangusa. Iliwaka siku ya Jumamosi, mbele ya banda la Mjomba. Yeye alikuja kwa gongo lake, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Haina kelele," alisema.

Hakuipanda, si siku ile wala siku nyengine. Alikwambia wazi kuwa hataipanda, kwa ajili ya babake, nawe ulimwambia ana haki. Lakini Mama alirudi nayo Makangale, kakaa mbele, na kwa furaha yake alishusha kioo awasalimie watu wote wa Konde hata ukamwambia, "Mama Mize, leo hatufiki."

Miaka mingi ya kheri ilifuata, tukaiona. Kisha kifua kikaanza kukusumbua. Mwaka jana, Shaaban ilipoingia, hukuwa tena na nguvu ya kufungua boneti, ukawa unaomba kitanda kisogezwe dirishani. Mjomba alikuja akakaa nawe siku zako za mwisho. Mlizungumza kidogo. Alikunywesha uji kwa kijiko, na ulipokataa alikwambia kunywa, shemegi, usinifanye mie mtoto.

Ulizikwa siku ile ile ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, upande wa kaskazini wa makaburi yetu. Bakar, mwanao, alikuwa keshajikunja kanzu kuteremka ndani kukupokea. Mjomba Hamad akamshika bega.

"Nipishe."

Watu wakamzuia: mzee, mguu wako, kaburi lina kina, wapo vijana. Hakubishana nao. Alimpa Bakar gongo, akakaa ukingoni, akajiteremsha kwa mikono. Yeye ndiye aliyekupokea upande wa kichwa. Alikulaza ubavu wa kulia, akakuelekeza kibla, akakufungua fundo la sanda, akaweka udongo chini ya shavu lako ili lisilale patupu. Alipomaliza hakutoka mara moja. Ilibidi watu wamvute kwa mikono, wanaume watatu, naye anazidi kutazama chini.

Jioni Bakar alipomhadithia Mama, Mama aliuliza jambo moja tu: "Kakulaza vizuri babako?"

"Vizuri, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Unakumbukwa na mkeo, Bi Mwanawema Mjaka, wanao Mize na Bakar, mkweo Khairiya, wajukuu wako wote, hasa yule mdogo aliyepewa jina lako, shemegi yako Hamad Mjaka na ahali zake wa Kiuyu, rafiki yako Khatib, Sheha mstaafu Duni, na majirani na jamaa wa Makangale, Konde na Wete. Hitma yako itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya sala ya laasiri. Anayesoma haya na afike, na asiyeweza kufika akuombee popote alipo.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba, akupanulie kaburi lako na akupe nuru ndani yake. Muda wote tuwapo hai, jina lako halitatutoka midomoni wala moyoni.